Kamera Iko Busia, Kibali Kiko Washington

Wamarekani tuwape heko kwa mkono mrefu. Kamera ya kuona joto, ile ambayo fundi wa umeme hukagulia nyaya zinazochemka, ikitoka kwao basi sheria yao huifuata hata ikishauzwa mara tatu. Kama inapiga picha zaidi ya 9 kwa sekunde, huenda ikahitaji kibali cha Wizara ya Biashara ya Marekani ili ivuke kutoka Busia ya Kenya hadi Busia ya Uganda, mwendo wa mguu tu. Ikiwa ya polepole kuliko hapo, masharti hulegea. Adui, yaelekea, hana subira.

Adhabu? Sheria yao ya 2018 inafika miaka 20 jela na faini ya dola milioni 1.

Mwaka huohuo wa 2018 Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ili tusipotezewe muda. Mama wa mahindi ana utaratibu wake rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000. Dirisha la Washington halipo hapo, wala kwenye mpaka wa Malaba halipo. Zilizopo ni njia za panya, na huko hakuna anayehesabu picha kwa sekunde.

Nawe muuza vifaa vya mitumba, kabla ya kumvushia shemeji kamera hiyo, hebu igeuze usome kibandiko cha nyuma.