Sauti ya Dada Kwenye Tumbo la Ndege

Mama alitoka Tanga kuja Wisconsin kwa masharti mawili: asilazimishwe kugusa theluji, na asisumbuliwe usingizi wake. Sharti la kwanza tulilimudu, maana alikuja Juni. La pili lilivunjika usiku mmoja aliposikia sauti ya binti yake ikitoka gereji, inahesabu kwa ukali: "Mbili! Moja! Mbili! Moja!" Mama akaenda kugonga mlango wa chumba cha binti yake. Dada akatoka, khanga begani, anapikicha macho. "Abee, mama?" Na gereji nayo ikaitika: "Moja!"

Kwa mtu wa Tanga hayo yanatosha. Mama alirudi chumbani, akajifungia kwa ufunguo, akasoma Ayatul Kursi mpaka simu yake ilipoadhini. Asubuhi alinipigia mimi, si mkwewe, kwa sababu mama mkwe mwenye haya zake hamwambii mkwe kwamba nyumba yake ina jini. "Mwanangu, mwambie shemeji yako, kwa adabu, atafute shehe. Kuna kitu huko gereji kimeiba sauti ya dada yako."

Kitu kilikuwepo kweli, ila hakikuhitaji shehe. Kilihitaji kuzimwa. Shemeji alikuwa amefunga chini ya tumbo la ndege yake kifaa cha kupima umbali hadi ardhini, akasahau swichi kuu, na paka wa jirani akaamua kupita. Kutoka tumbo la ndege hadi sakafuni ni futi mbili. Kutoka tumboni hadi mgongo wa paka, moja. Paka alipita, akarudi, akapita tena. Kifaa kilitimiza wajibu wake kwa uaminifu usiku kucha.

Sasa nieleze ndege imefikaje gereji. Shemeji ni fundi wa malori, mzaliwa wa Muheza, mtu wa akili timamu mpaka siku alipokwenda Oshkosh. Mji huo uko humuhumu Wisconsin, na kila Julai hukusanya watu wanaojiundia ndege majumbani. Chama chao, EAA, kilianzishwa Milwaukee mwaka 1953 na Paul Poberezny. Shemeji alikwenda kuangalia tu. Haukupita muda lori likashusha makasha ya alumini: RV-9A, ndege ya watu wawili, mabawa futi 28, inauzwa vipande vipande na Van's Aircraft ya Oregon. Ndege zaidi ya 10,000 za kampuni hiyo zimesharushwa na watu waliozigongea ribiti wenyewe. Nalitaja hili ili msidhani kichaa ni cha shemeji peke yake.

Sheria ya Marekani inadai mwenye kuunda afanye zaidi ya nusu ya kazi kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Dada alipoisikia akasema laiti ingekuwa na nguvu mpaka jikoni.

Kilichomkera shemeji ni altimita. Chombo hiki hakijui ardhi iko wapi. Kinapima kanieneo ya hewa, kisha kinakadiria kimo kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Oshkosh uko futi 808 juu ya bahari, kwa hiyo umeegesha ndege, unakunywa chai, na altimita inakuambia uko futi 808. Wilson ya Nairobi itasema zaidi ya 5,500 ilhali magurudumu yamekanyaga lami. Kutoa hesabu ni kazi yako. Tena hewa haitulii: kanieneo ikibadilika kwa hektopaskali moja nawe hujarekebisha, umeshakosea kama futi 27. Kwa desturi ya marubani wa huku, altimita ikipishana na kimo cha uwanja kwa zaidi ya futi 75, haiaminiki kwa safari ya mawinguni. Futi 75 ni mnazi mrefu. Yaani chombo kizima kabisa, kisicho na dosari, kimeruhusiwa kukosea mnazi mzima.

Shemeji amepanda minazi tangu utotoni. Hesabu hiyo ilimkosesha usingizi.

Ndege kubwa za abiria zina altimita ya rada, inayotuma mawimbi chini na kupima yanavyorudi. Ile sauti inayomhesabia rubani hamsini, arobaini, thelathini wakati wa kutua hutokana nayo. Ndiyo pia iliyozua kizaazaa Januari 2022, mitandao ya 5G ilipowashwa Marekani kwenye masafa ya jirani na ya rada hizo, hata Emirates wakasitisha kwa muda safari za miji kadhaa. Kuifunga kwenye ndege ya gereji ni maelfu ya dola, na dada alikwisha kusema neno lake la mwisho kuhusu maelfu ya dola. Vile vihisi vya sauti vinavyolia tii-tii gari likirudi nyuma ni rahisi, lakini huona mita chache tu, na upepo pamoja na ngurumo ya injini huviziba masikio.

Ikabaki leza, ya aina inayofungwa kwenye droni. Inapiga mwanga, mwanga unagonga chini na kurudi, kompyuta ndogo inahesabu muda. Mwanga hukata sentimita 30 kwa nanosekunde moja, hivyo hesabu yenyewe ni ya haraka kuliko akili ya binadamu, na bei yake ilipita kwa dada bila ugomvi. Uzuri mwingine, ukijiundia mfumo mwenyewe unaweka sauti unayotaka. Shemeji hakutaka mzungu amhesabie. Alitaka Kiswahili, na alitaka sauti atakayoitii.

Dada alirekodi jikoni, simu imeegemezwa kwenye mtungi wa chumvi, maharage motoni. Kwanza walijaribu namba zote kuanzia mia mbili. Wakagundua tatizo. Ndege inayoshuka kwa futi 500 kwa dakika inapoteza futi nane kila sekunde. Dada akimaliza kutamka "mia moja na ishirini na tano", kwa ile taratibu ya Kitanga, ndege imeshatoka huko, imo kwenye mia na kitu kingine kabisa. Wakapunguza: hamsini, arobaini, thelathini, ishirini, kumi, tano, na hizo za chini. Kwenye ishirini sufuria la presha likapiga filimbi. Kwenye kumi mwanawe mdogo akanyoosha mkono kuelekea jiko, kwa hiyo rekodi inasema: "Kumi! We, toka hapo!"

Ushauri wa kurekodi upya ulitolewa. Dada alijibu kwamba maharage yalishaliwa.

FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, hutaka ndege ya kujiundia irushwe kwanza kwa majaribio bila abiria, kwa kawaida saa 25 au 40 kutegemea injini na rafadha, kabla ya kumbeba mtu. Katika majaribio hayo shemeji aliposhuka kutua, alifika futi kumi akasikia amri ya mkewe, mkono ukasukuma mafuta wenyewe, ndege ikapaa tena. Mwalimu wake wa urubani, aliyekuwa pembeni ya uwanja, akamuuliza kwa redio ameona nini. Shemeji akasema hajaona kitu. Ilikuwa kweli, alikuwa amesikia.

Zamu yangu ilipofika nilikuta mbele ya kiti changu kibao kinachotakiwa kisheria, kinachomweleza abiria kwamba ndege hii imeundwa na mtu asiye mtaalamu na haikidhi masharti ya usalama ya ndege za kawaida. Nilikisoma mara ya pili, polepole, nikiwa nimeshafungwa mkanda.

Angani mambo yalikuwa mazuri, mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa mpaka macho yanapokoma. Tukaanza kushuka. "Hamsini," akasema dada. "Arobaini. Thelathini." Nikakaza miguu. "Hamsini!" Tumepanda? Hatujapanda. Tulikuwa tumepita juu ya paa la ghala, kisha paa likaisha. Leza haijui ghala na haijui uwanja. Inakuambia kilicho chini yake sasa hivi, wakati rubani anataka kujua kilicho mbele. Kwenye kona nayo hudanganya kwa namna yake: ndege ikilala nyuzi 30 mwanga nao unalala, futi 100 zinasomeka 115. Na nyasi zikiwa ndefu, ardhi kwake ni ncha za nyasi.

"Ishirini," kisha filimbi ndefu. Nilijua injini imekwenda. Shemeji hata hakugeuka. "Maharage hayo," akasema. Kufikia "toka hapo" nilikuwa tayari kutii.

Chini nilimuuliza yule mwalimu, mzee wa maneno machache, kama kifaa kina faida. Akasema anayetua hutazama mwisho wa njia ya kurukia, na jicho lenyewe linapima kushuka kwa jinsi lami inavyotanuka pembeni. Anayesubiri namba huacha kutazama. Shemeji alipinga, na hapa nampa haki yake: njia nyembamba kuliko uliyoizoea hukufanya ujione uko juu kuliko ulipo, na usiku kwenye uwanja uliozungukwa na giza tupu jicho halina cha kushika. Theluji inayofunika kila kitu hufanya vivyo hivyo, na Wisconsin theluji si hadithi. Hapo leza huona vizuri kuliko sisi. Kwa ndege mpya, ambayo rubani hajazoea kimo cha kiti chake juu ya lami, kuhesabiwa kunasaidia mpaka jicho lijifunze.

Ila maji ni kichekesho. Ziwa likitulia kama kioo marubani wa ndege za majini hupoteza kabisa kipimo cha kimo, na Oshkosh, penye kituo cha ndege hizo kando ya Ziwa Winnebago, kila mtu anayo hadithi ya namna hiyo. Wao hushuka polepole kwa mwendo uleule na kusubiri maji yawaguse. Ungetegemea leza iwaokoe, lakini maji hayohayo yaliyotulia huweza kuurusha mwanga wake pembeni au kuuacha upenye chini. Jicho linaposhindwa, nayo mara nyingi inashindwa.

Kubwa zaidi ni hili. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilichunguza ajali za ndege za kujiundia na kutoa ripoti mwaka 2012. Mambo yaliyoongoza kusababisha ajali hizo ni injini kufeli na rubani kupoteza udhibiti wa ndege angani. Leza haisaidii hata moja kati ya hayo. Injini ikizima futi 600 baada ya kuruka, dada hana namba ya kukuambia. Ndege ikipoteza kasi kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, ataanza kuhesabu kwa usahihi mkubwa, lakini hutakuwa na muda wa kumsikiliza. Kifaa hiki kinalinda futi hamsini za mwisho, ambako kosa la kawaida hugharimu magurudumu na aibu.

Nimemwambia shemeji, na wewe msomaji mwenye makasha ya alumini gerejini nakuambia: pesa ya kwanza iwe ya mafuta na saa za mwalimu, ya pili mfumo wa mafuta ukaguliwe na mtu mwingine asiyekuonea aibu. Chenji ikibaki, na uwanja wako una theluji au unatua usiku, funga leza. Kama unatua mchana kwenye lami unayoijua, huihitaji.