Mpigachapa Ndiye Mchochezi: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano

Kwa Mkurugenzi Mkuu na Bodi,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Nairobi.

MINT: KUMTAMBUA MCHOCHEZI HALISI

Mabibi na mabwana,

Poleni na kazi. Kulinda simu za nchi nzima si mchezo, hasa pale wenye simu wanapojua kusoma. Naandika kuwasaidia, maana tangu Juni 2024 tunaambiwa kwamba TikTok, X na WhatsApp ndizo zilizowatoa vijana nyumbani kuandamana. Nimefanya upelelezi wangu mdogo na mchochezi nimempata. Ana ofisi Barabara ya Haile Selassie, na mshahara wake unatoka serikalini. Ni Mpigachapa wa Serikali.

Ushahidi ninao. Mei mwaka huo alichapa Mswada wa Fedha 2024. Mle ndani mkate ulikuwa unatwikwa VAT ya asilimia 16, mwenye gari alitakiwa kutoa asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake kila mwaka, na nepi za watoto zikaguswa na ushuru wa mazingira. Serikali ilikuwa inasaka shilingi bilioni 346 zaidi. Someni tena, taratibu: hakuna hata sentensi moja ya hayo iliyotungwa na mtu wa TikTok.

Kosa la vijana lilikuwa kusoma. Zamani mswada wa fedha ulikuwa na ulinzi wake, tena ulinzi madhubuti: Kiingereza cha mawakili, kifungu kinachofuta neno moja katika aya ya sheria nyingine usiyoijua, na kwa hiyo kufikia ukurasa wa pili raia mwema ameshasinzia. Safari hii ulinzi ulivunjwa. Msichana ameketi kitandani, ukurasa wa Mswada umetandazwa nyuma yake kwenye skrini, anagusa kifungu kwa kidole na kuuliza kwa sauti ya kawaida tu: si hii ina maana mkate wa asubuhi utapanda? Hata dakika mbili hazijaisha. Wengine wakaufasiri Mswada kwa lugha za mama. Kuna aliyeunda roboti ya kujibu maswali juu yake. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Wananchi wakajishirikisha wenyewe, bila marupurupu wala chai ya saa nne. Nilidhani mngewapa nishani.

Halafu wakawasalimia wabunge. Nambari za waheshimiwa zilisambaa, na simu zao zikapata moto kwa ujumbe. Najua wapo waliotukanwa, na kuanika nambari ya mtu si jambo la kujivunia. Uongo nao ulipanda basi moja na ukweli, na maandamano yasiyo na kiongozi yakawaachia mlango wahuni wa kukodiwa. Sisemi mitandao ni malaika. Lakini swali lililowafikia wengi wa waheshimiwa lilikuwa fupi: utapiga kura gani? Juni 20 wabunge 204 waliuunga mkono Mswada na 115 wakaupinga. Juni 25 wakaunga mkono 195, wakapinga 106. Siku iliyofuata Rais akakataa kutia sahihi, na siku chache baadaye, Julai 5, yeye mwenyewe akaingia X kuzungumza na vijana. Ikiwa jukwaa hilo ni pango la wachochezi, basi mwenye nchi alilitembelea mchana kweupe.

Sasa tuje kwa samaki. Juni 24 mlitoa taarifa kwamba hamna nia ya kuzima intaneti. Niliamini, na bado naamini. Kesho yake, siku Bunge lilipovamiwa na waandamanaji, intaneti ikadorora, hadi Uganda na Burundi wakaonja, watu ambao hawakuwa na mbunge hata mmoja mle ukumbini. Tukaelezwa kwamba nyaya mbili za chini ya bahari zimepata hitilafu. Sina ugomvi na maelezo hayo. Nashangazwa tu na papa wa Bahari ya Hindi, jinsi wanavyofuatilia ratiba ya Bunge kuliko wabunge wenyewe. Napendekeza mmoja wao aitwe mbele ya kamati, ale kiapo, aseme nani alimpa saa.

Na mmewahi kujiuliza kijana aliyekuwa kitandani akitazama hufanya nini intaneti ikikatika? Huvaa viatu. Mwaka mmoja baadaye, Juni 25, 2025, mliziagiza televisheni ziache kurusha maandamano moja kwa moja. Matangazo ya baadhi ya vituo yakakatwa, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo lenu siku hiyohiyo. Baba wa watu aliyekuwa kwenye kochi na chai yake, akisikiliza mhariri akipima maneno, akahamia kwenye simu ambako hakuna mhariri. Wafuasi wapya wa mitandao siku ile mliwasajili ninyi.

Kama hamniamini mimi, ulizeni Nepal. Septemba 4, 2025 serikali yao ilitangaza kufunga majukwaa 26 kwa mkupuo. Septemba 9 Waziri Mkuu, K. P. Sharma Oli, alikuwa amejiuzulu, watu wameuawa barabarani, kisha vijana wakakusanyika kwenye Discord kujadili nani awe kaimu. Wakamchagua jaji mkuu mstaafu, Sushila Karki, naye akaapishwa.

Hata hapa kwetu jambo hili ni la kale. Mwaka 1990 hapakuwa na X. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba, Julai 7, na watu wakafika uwanja wa Kamukunji vilevile. Mwaka huohuo polisi waliwakamata wauza kaseti za nyimbo za siasa, kwa kuwa wakati ule mchochezi alikuwa kaseti. Zilichukuliwa kaseti; bei ya unga ikabaki palepale.

Hapa kejeli inanipotea kidogo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya 2024. Hakuna aliyeuawa na simu. Simu zilikuwa juu, mikononi, zikirekodi, na Aprili 2025 BBC ilipotoa filamu kuhusu waliopigwa risasi nje ya Bunge, ilikuwa imechambua picha zaidi ya 5,000 zilizopigwa na waandamanaji na wanahabari. Naanza kuelewa kwa nini kifaa hicho kinawaudhi baadhi ya watu.

Ombi langu ni dogo. Mswada ujao wa fedha ukiwa tayari, msiguse mitambo ya simu. Nendeni Haile Selassie mapema, kabla wino haujakauka, mkamnyang'anye yule bwana karatasi. Akigoma, mwambieni achape kurasa tupu na kumwachia Waziri azijaze baadaye, usiku, kwa penseli. Nawahakikishia hakuna msichana wa kitandani atakayeziweza.

Wenu mtiifu,
Mlipa ushuru

Nakala: Mpigachapa wa Serikali, kwa taarifa na tahadhari.