Sifa za "Ile Hela"

Washairi wetu wamesifu majahazi, mitume na wanawake wenye mwanya. Hakuna aliyejitokeza kuisifu sentensi ya matapeli ambayo Mtanzania mwenye simu ameisoma mara nyingi kuliko methali zote za shuleni: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Deni hilo nalilipa leo.

Tuanze na neno la kwanza. Mwalimu wa sarufi atakwambia "ile" huonyesha kitu kilicho mbali, au kilichokwisha kutajwa baina ya wanaozungumza. Kumbe tapeli haombi, anakumbusha! Kwa herufi tatu ameshakaa nawe kwenye mazungumzo ambayo hayakufanyika, mkakubaliana kiasi, mkapeana mkono, na sasa anangoja tu utimize ahadi. Mwandishi wa riwaya angehitaji sura nne kufika hapo. Hela gani? Hasemi, kwa sababu unaijua wewe. Kama unadaiwa kodi, ameandika mwenye nyumba. Kama ni ada, ni mwanao wa bweni. Kama ni mchango wa harusi, ni mweka hazina wa kamati. Hadithi unaimalizia mwenyewe, na gharama unalipa mwenyewe. Na bado sijagusa mizani. Hesabu kwa vidole: i-le-he-la-tu-ma-kwe-nye. Nane kamili! Huo ni ukwapi uliotimia bila mtu kutoka jasho. Upe utao, "namba hii jina Juma", nane nyingine, na tayari una mshororo wa mizani 16 ambao malenga yeyote wa Tanga asingeukatalia hesabu.

Fadhila nyingine nitazipitia mbiombio. Haina ubaguzi: humfikia mbunge na mama ntilie. Haina salamu, kwa hiyo haipotezi muda wa mtu. Tena ina uangalifu. Mkiani hukutajia kabisa jina litakalokuja kwenye simu ukituma, usije ukamtumia mwizi mwingine kwa bahati mbaya.

Halafu imewaunganisha marafiki. Katika kundi letu la WhatsApp la wana tuliosoma pamoja, mtu akisema mshahara umeingia, wote wanajibu kwa sentensi moja. Mmoja akapata mtoto wa kike: "Yule mtoto mtume kwenye namba hii." Mimi nikatuma picha ya pilau ya Idi: "Ile pilau tuma kwenye namba hii, jina litakuja Njaa." Mwaka wa kwanza tulicheka mpaka machozi. Huu ni wa sita. Nimeshaomba turudi kwenye kutukanana kwa timu za mpira kama watu wazima. Nilijibiwa: "Hayo maombi tuma kwenye namba hii."

Mwezi Machi uliopita, shangazi yangu wa Korogwe alikuwa na shilingi 340,000 za fundi wa bati. Asubuhi fundi alimwambia atamtumia namba ya kuwekea hela. Mchana ujumbe ukaingia. "Ile" ya shangazi ilikuwa ya kweli, basi akatuma. Jioni akanipigia: "Mwanangu, nimeambiwa ile hela nitume kwenye namba hii, nimetuma." Mungu anisamehe, nilicheka. Nilidhani na yeye ameujua mzaha wetu.

Kituo cha polisi alipewa RB, yaani namba ya taarifa yake, akaelekezwa kwenye ofisi ya mtandao wa simu. Ofisini akaambiwa fedha zimeshatolewa, arudi kituoni. Kituoni akaulizwa kwa nini hakuwa makini. Bodaboda ilimla nauli mara nne, na bati mpaka leo hazijapanda.

Hapa sifa zinanikwama. Mwaka 2019 tulipanga foleni za vitambulisho vya NIDA tangu alfajiri, na watoto mgongoni, tupate namba ya kusajilia laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa Desemba 31. Rais Magufuli akaongeza siku 20, na foleni zikaendelea. Tuliambiwa laini isiyo na mwenyewe ndiyo maficho ya wahalifu. Tukaelewa, tukatoa vidole. Sasa namba iliyompiga shangazi ina kidole, kidole kina mtu, na mtu ana jina. Tapeli mwenyewe alilitaja, na simu ikalithibitisha kabla shangazi hajabonyeza namba ya siri! Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Ni mwizi gani mwingine anayeacha jina lake mlangoni, kisha mlinzi akamuuliza mwenye nyumba kwa nini alifungua?

TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wametuelekeza kwamba ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, uripoti kwa 15040. Ni jambo jema, na nimeripoti. Yaani hata dawa yake ni kutuma kwenye namba hii.

Nasi wana tuache kujitia hamnazo. Ujumbe tunaoufanyia utani kila siku umekuwa kama mbu: tunamlalamikia kwa kicheko, na mwenye malaria ni shangazi wa mtu.

Kwa hiyo, waheshimiwa mliochukua vidole vyetu, ule usalama utumeni kwenye namba hii. "Ule" hapo ni sarufi safi kabisa, kwa sababu tulishauzungumza. Jina litakuja la shangazi.