Mpya kwa Jina Tu

Msimu mpya umeingia na tamthilia mpya, eti. Citizen TV ilitupa Maria 2019, Zora 2021, Sultana 2022. Tangu hapo naona bila jina la binti kwenye bango hakuna hadithi. Mie si mtazamaji mgumu. Lakini huyu binti wa tamthilia ya jana kaamka alfajiri na kope za bandia, wanja haujachujuka, dera limepigwa pasi, halafu analia hana hata hela ya unga! Jumba la tajiri ni lilelile, ngazi zilezile, hata shada la maua ya plastiki naona limeanza kupauka. Siri ya mimba tushaijua sote, mpaka bibi anayesinzia kwenye kochi. Asiyejua ni mume peke yake. Kesho saa moja na nusu usiku, tafadhali, mtu asinipigie simu.