Barua ya Wazi kwa Wenye Mizani ya Dunia

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani,
Pavillon de Breteuil, Sèvres, Ufaransa.

Yahusu: Kuandikisha vipimo vya Bukavu, na kumwombea kazi mstaafu mmoja.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwanza salamu. Sisi hatujambo, kwa kipimo cha huku.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, Kivu ya Kusini. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto mambo mnayoyaamua ninyi huko Sèvres tangu nchi 17 zilipotia saini Mkataba wa Mita, tarehe 20 Mei 1875: mita ni nini, kilo ni nini, sekunde ni nini. Watoto wanaandika, wanakariri, wanafaulu mtihani. Halafu wanatoka nje ya geti na kuingia katika mji ambamo hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo kinachojulikana kwa sura. Mmoja wetu lazima abadilike, Mheshimiwa. Nimepima uwezo wetu sote wawili, nikaona ni nafuu ubadilike wewe.

Nianze na wakati. Tangu mwaka 1967 mnasema sekunde ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya seziamu 133. Naifundisha namba hiyo bila kucheka. Lakini hapa mjini ukimpigia mtu simu akakwambia “niko njiani”, ujue bado hajaoga. Akisema “nimeshafika pale Essence”, anatafuta kiatu cha pili. Akisema “nakuona”, hapo ndipo anapotoka nyumbani. Kila mtu anaijua ngazi hiyo na hakuna anayedanganywa nayo, kwa hiyo ni kipimo kamili kinachostahili kuandikishwa. Mkutano ulioandikwa saa tatu unaanza mkubwa akifika, na mkubwa hafiki mpaka aambiwe watu wamejaa, na watu hawajai mpaka wasikie mkubwa amefika. Hili nalo ni swali la fizikia. Nimewapa wanafunzi walitatue nyumbani.

Nimesoma pia kwamba mwezi Novemba 2022 mkutano wenu mkuu uliamua kuachana na ile sekunde moja ya nyongeza ifikapo mwaka 2035, kwa sababu inavuruga kompyuta za dunia. Poleni sana. Sisi tunameza saa nzima za nyongeza kila wiki na kompyuta zetu hazijawahi kuvurugika, maana zilikuwa zimezimika. Tena nchi yetu ina saa mbili za kisheria: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na hiyo imeandikwa katika sheria. Ucheleweshaji mwingine wote wa Kinshasa ni wa kujitolea.

Tupite kwenye umeme. Vitabu vyangu vinasema umeme wa nyumbani ni volti 220. Mimi nimefika umri huu nikikutana na volti za kila rika: zenye nguvu za usiku wa manane, wakati hakuna anayepiga pasi, na zile za jioni, ambazo lazima uwashe mshumaa ili uone kama balbu inawaka. Na siku nyingine zote ni delestaje, yaani mgao wa umeme. Kwa hiyo naleta kipimo kipya kiitwacho “kelele”. Kelele moja ni sauti ya watoto wa mtaa mmoja pale umeme unaporudi. Kelele ikianza Kadutu ikapokewa na mitaa ya jirani, maana yake umeme ulikuwa umeondoka muda mrefu sana. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala betri, na hakina hitilafu: watoto hawajawahi kushangilia umeme ambao haujarudi.

Usidhani hatuna chanzo. Tunakaa mahali ambapo Mto Ruzizi unatoka katika Ziwa Kivu, kwenye kimo cha karibu mita 1,460, na kushuka mpaka Ziwa Tanganyika iliyo chini ya mita 780. Mwanafunzi wangu wa mwisho darasani anaweza kukokotoa nguvu iliyomo katika mteremko huo. Bwawa la Ruzizi I lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa karatasi lina karibu megawati 30. La pili, la mwaka 1989, ni la nchi tatu pamoja. Lakini chupa ya plastiki inayotupwa mferejini huku juu inabebwa na mvua hadi ziwani, inafuata mkondo, inakwenda kukaa mlangoni mwa mitambo ya Ruzizi I. Takataka zikizidi, mtambo unasimama. Basi mtu anakunywa soda yake ya baridi, anatupa chupa, na baada ya muda anakuja kulalamika kwamba soda si baridi tena. Mkitafuta sanamu ya ile kanuni ya Newton ya kitendo na tendo-jibu, njooni muichukue hapo mtoni. Zipo nyingi, na zinaelea.

Kuhusu mita, nasikia mababu zenu Delambre na Méchain walitembea miaka mingi kuanzia 1792, kutoka Dunkerque hadi Barcelona, ili tu kujua urefu wake. Leo mnaipima kwa mwanga. Hapa uzio wa jirani huipima kwa giza: ukilala una mita ishirini, ukiamka una kumi na tisa na udugu umekwisha. Katika mtaa wetu wa Funu mambo yamefika mbali zaidi. Mlima wenyewe unateleza polepole na nyumba zilizo juu yake, na wanasayansi wanaufuatilia kwa satelaiti. Hati ya kiwanja inabaki pale ilipopigwa muhuri, kiwanja kimeshashuka. Naomba mtuambie kisheria ni nani aliyemvamia mwenzake, mwenye nyumba iliyoshuka au mwenye hati iliyobaki.

Sina budi kukiri kwamba kuna mahali pamoja Bukavu ambapo milimita inaheshimiwa kuliko hata kwenu. Ni kwenye meza ya kambisti, mbadilisha fedha. Mpe dola. Ataiinua juani, ataigeuza, atapitisha ukucha pembeni, na akikuta mchaniko usioonekana kwa macho ya waumini wa kawaida, dola yako inapungua uzito hapo hapo. Faranga zetu nazo zimekonda. Tangu benki zifunge milango Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa wengine, noti zilezile zinazunguka sokoni, zinapita jasho kwa jasho, mpaka sura ya mnyama aliyechorwa juu yake inakuwa jambo la imani.

Kuna pia “mega”. Katika somo langu mega ni milioni, na milioni haina tarehe ya kufa. Hapa mega za intaneti ninazonunua asubuhi zinafariki saa ileile kesho yake, hata kama sikuzigusa kwa sababu mtandao haukuwepo. Hebu fikiria kilo ya unga inayotoweka usiku kwa kosa la kutopikwa. Na ndani ya simu hiyohiyo inayonihesabia mega kwa ukali namna hiyo mna kapasita ndogo ya tantalamu, na tantalamu hutokana na koltani, na koltani inachimbwa katika milima hii ya kwetu. Usahihi wote wa dunia umepita mkononi mwa mtu mwenye koleo, ambaye yeye mwenyewe hajawahi kupimiwa sawasawa.

Hapo ndipo nilipotaka tufike, Mheshimiwa: kwenye kilo.

Kuanzia mwaka 1889 mlikuwa na kipande cha platini na iridi mlichokiita Grand K, kilichofunikwa kwa vioo na kufungiwa chumbani. Mkagundua kwamba baada ya miaka mia hivi kimeachana na nakala zake kwa takriban mikrogramu 50. Dunia ya sayansi ikakosa usingizi. Mkakutana, mkapiga kura, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inatokana na namba ya Planck, ambayo haikondi wala hainenepi.

Karibu soko la Kadutu. Kilo yetu ni guigoz, kopo la maziwa ya unga ya watoto, ambalo baada ya kulea mtoto mmoja linaendelea kulea familia nzima ya muuzaji. Kopo hilo liko la namna mbili. La kwanza ni zima, kitako chake kimenyooka. Hilo ndilo mnunuzi analokwenda nalo kwa wakulima wa Kabare na Walungu, na maharagwe hujazwa mpaka yafanye mlima juu, na yanayomwagika ni “ya kuongeza”. La pili limepigwa nyundo kitakoni mpaka chini kukawa juu. Hilo ndilo linalotumika kuuzia mjini, na mkono hupita mdomoni kusawazisha. Kununua ni kwa mlima, kuuza ni kwa tambarare. Mikrogramu 50 zenu, Mheshimiwa, huku zinaitwa huruma.

Usimlaumu mama wa sokoni. Naye amekwisha kupimiwa. Njiani kuna vizuizi, na kila kizuizi kina kopo lake lisiloonekana. Nenda machimbo ya dhahabu uone. Huko bado wanahesabu kwa tola, kipimo kilichotoka India, gramu 11.66 kikitimia. Kwenye mizani midogo ya shimoni njiti ya kiberiti huwa jiwe la kupimia, na kiberiti ni cha mnunuzi. Mchimbaji anaweza kuleta dhahabu. Njiti hawezi kuleta.

Serikali nayo ina kipimo chake, na kwa hili ningependa ofisi yako iwe makini, kwa kuwa linahusu jina lenu. Ninyi mnakutana kila baada ya miaka michache kuamua vipimo vipya, kwa Kifaransa “nouvelles unités”. Sisi tunavyo tayari, vimo mashuleni nchi nzima. Nouvelle Unité ni mwalimu aliyeajiriwa na anayefundisha, ambaye jina lake bado halijaingia kwenye orodha ya mishahara. Ana chaki, ana wanafunzi, ana mwaka wa kwanza, wa pili na zaidi. Mshahara ndio hana. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, wanafunzi wameongezeka, naye anazidi kutoa kazi bila kuingiza nishati. Katika fizikia yenu mashine kama hiyo ni marufuku. Sisi tunayo, inafundisha darasa la nne.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo.

Kwanza, “niko njiani”, “kelele” na “guigoz” viingizwe katika mfumo wa kimataifa. Guigoz ziwe mbili, ya kununulia na ya kuuzia, ili unafiki usiwe wetu peke yetu.

Pili, mega zipewe haki ya kuzeeka.

Tatu, na hili ndilo kubwa: naomba mtuletee Grand K. Tangu 2019 hana kazi. Amekaa chumbani amevaa platini yake, haulizwi neno. Huku kwetu mstaafu haachi kazi. Anaendelea kuja ofisini mpaka pensheni au mauti, chochote kitakachotangulia, na mauti ndiyo yenye nidhamu ya kazi. Tutampa meza Kadutu, kati ya maharagwe na makaa. Atapimia watu asubuhi, jioni atapumzika. Mshahara wake tutauzungumza. Kwa kuanzia atakuwa Nouvelle Unité.

Ukiona safari ni ndefu kwa umri wake, basi mwache. Kilo yenyewe mmeshaitoa katika chuma na kuiweka katika namba, na namba tunazo, ninazo ubaoni. Niliposoma habari za chumba chake nilivutiwa na kitu kingine. Nimesoma kwamba kasha lake lina funguo tatu: mmoja unao wewe, mmoja anao mwenyekiti wa kamati yenu ya vipimo, wa tatu uko kwa walinzi wa nyaraka za taifa la Ufaransa, na hakuna awezaye kufungua akiwa peke yake. Miaka zaidi ya mia, na hakuna aliyeingia usiku na nyundo.

Tutumie funguo hizo. Mmoja tutampa mnunuzi, mmoja muuzaji, na wa tatu mama wa Walungu aliyeyalima maharagwe. Makopo tunayo wenyewe.

Pokea, Mheshimiwa Mkurugenzi, heshima zangu zote, za kilo kamili, kwa mlima.

Mwalimu wa fizikia,
Bukavu.

Nakala kwa:
– Mwenye kiberiti, machimboni.
– Wizara inayohusika, Kinshasa (itaisoma saa moja baada yetu).
– Jirani yangu, ng'ambo ya uzio, popote uzio ulipofika leo.