Hotuba ya Uzinduzi wa Elimu ya Pengo

Mheshimiwa mgeni rasmi, wageni wa meza kuu, na ninyi wa viti vya nyuma mliofuata sambusa: itifaki imezingatiwa. Anayesimama mbele yenu ni Bingwa wa Pengo la Kushoto, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mtu wa kunitahini.

Nazungumzia lile pengo linaloachwa mwanzoni mwa mstari wa msimbo. Msicheke, nchi zilizoendelea zinagombana kwa ajili yake. Pengo hutiwa kwa njia mbili. Kuna nafasi, herufi nambari 32 katika ASCII, ambayo upana wake haubadiliki. Kuna na tabo, nambari 9, isiyo na upana wake yenyewe: huusukuma mstari hadi kituo kinachofuata, na umbali wa vituo hupangwa na mwenye kihariri. Mkichanganya hizo mbili katika faili moja, kwako mistari itanyooka, kwa mwenzako itayumba, na lugha ya Python 3 ikishindwa kujua kipi kiko ndani ya kipi itagoma kabisa.

Wakubwa wenyewe hawajaelewana. Linus Torvalds aliamuru katika Linux tabo ya upana wa herufi 8, na anayehitaji ngazi zaidi ya tatu akarekebishe programu yake. Python, kupitia PEP 8, mwongozo wake wa mtindo wa mwaka 2001, ikachagua nafasi 4. Lugha ya Go haikumwuliza mtu. Gofmt, kipangaji chake cha msimbo, hutia tabo, basi.

Lakini kisa cha Makefile ndicho huniliza. Stuart Feldman alipounda programu ya make huko Bell Labs mwaka 1976, mistari ya amri katika faili lake la maelekezo, Makefile, ililazimika kuanza na tabo. Aliiona kasoro hiyo mapema, ila alikwisha kupata watumiaji kama dazeni moja, akaona vibaya kuwasumbua. Dazeni moja! Hawajazi hata Hiace! Kwa kuwahurumia hao, wanaprogramu wa dunia nzima bado wanatafuta tabo iliyopotea kwenye Makefile hadi leo.

Sasa tiba. Katika kihariri cha Vim, anayeandika tabstop=4 peke yake amebadili miwani tu; faili limebaki na tabo zilezile, na jirani yake anaziona 8. Ongeza expandtab, kitufe cha Tab kitie nafasi, kisha shiftwidth=4, ili kujongeza mstari kufuate kipimo hicho. Mimi lakini natumia nafasi 3. Mbili ni za mabahili, nne ni za wapenda makuu. Sijapata mradi ulionifuata, jambo linaloonyesha nilivyoutangulia wakati wangu.

Wapo vijana wanaoeneza kifaili kiitwacho .editorconfig. Wanakiweka kwenye saraka kuu ya mradi, wanaandika kichwa [*], na chini yake indent_style = space na indent_size = 4, na vihariri vingi vinatii bila kelele. Vingine vinataka kiongezi kidogo tu. Ugomvi wa miaka mingi unakwisha kwa mistari mitatu! Nakipinga kwa nguvu zote. Wakipatana, nani atanialika?

Kwa hiyo nawaagiza: mkikikuta kifaili hicho, kifuteni, gombaneni wiki moja, kisha niiteni nisuluhishe. Posho ni ileile, na nauli hulipwa kwanza.