Mkanda wa Kinyozi

Arua ni jiji tangu Julai 2020, kwa hiyo ina haki ya kuwa na waungwana wanaonyolewa kwa wembe wa kukunja. Wembe si shida. Shida ni mkanda wa ngozi wa kuupitishia kabla haujagusa shavu.

Sokoni muuzaji anakuapia: "Mzee, hii ngozi halisi, ng'ombe kabisa!" Ikunje. Ngozi ya kweli hujikunyata kidogo kisha ikarudi; hii inabanduka rangi, na kwenye tundu la kwanza kitambaa kinakuchungulia. Ng'ombe huyo alizaliwa kiwandani, na mama yake alikuwa plastiki.

Ng'ombe wenye damu wanakukatiza barabarani ukielekea Koboko, ngozi zao zimechorwa na miiba na chapa za moto. Hata zikisalimika, ngozi nyingi za Uganda husafirishwa kabla hazijakamilika kutengenezwa, zikamalizwe ng'ambo, zipewe nembo, bei na kiburi.

Ukiupata mkanda wa maana, uvute ukakamae, mgongo wa wembe utangulie na makali yafuate. Mkanda haunoi, unanyoosha tu makali yaliyopinda. Anayetanguliza makali anaukata, na mkwaruzo mmoja utamsumbua kila mara atakapopitisha wembe.

Kinyozi wa jirani anayasikiliza haya huku akivunja wembe wa paketi vipande viwili: nusu yako, nusu ya mteja anayefuata. Mkanda anao, tena wa ngozi. Umeshika suruali.